Je, wajua kwa nini kuongeza upana wa tairi huongeza pia kimo chake?

Mwenye gari la familia kama Toyota RAV4 anapokosa saizi yake katika duka la matairi mjini Arusha, mara nyingi hushauriwa achukue inayokaribiana nayo, kwa hoja kwamba milimita 10 za upana haziwezi kuleta madhara. Hoja hiyo huonekana ya busara mpaka mtu ajue jinsi namba za ubavuni mwa tairi zinavyosomwa.

Tuchukue 225/65R17, saizi ambayo RAV4 nyingi za kizazi cha tatu zilitoka nayo kiwandani. Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba ya katikati, 65, si milimita wala inchi bali ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana, yaani takriban milimita 146. Kwa kuwa ubavu upo juu ya rimu na chini yake pia, tunauhesabu mara mbili, tunaongeza milimita 432 za rimu, na kupata tairi lenye kimo cha milimita 724 hivi. Sasa tubadilishe namba ya kwanza tu, tufunge 235/65R17. Asilimia ni ileile, lakini ni asilimia ya upana mkubwa zaidi, kwa hiyo ubavu unafika milimita 153 na tairi zima 737. Ajabu ni kwamba 235/60R17, ambayo kwa kuitazama inaelekea kutofautiana zaidi na saizi ya awali, ina kimo cha milimita 714 na hivyo iko karibu nayo kuliko hiyo nyingine.

Kimo hicho kina uzito mkubwa kwa sababu spidomita haiioni barabara. Huhesabu mizunguko, na kila mzunguko huchukuliwa kuwa umbali wa tairi la kiwandani. Ukifunga 225/70R17, yenye kimo cha karibu milimita 747, gari litasonga mbele zaidi kwa asilimia 3 katika kila mzunguko, na pale mshale uliposoma 80 mwendo wa kweli utakuwa umeongezeka kwa kilomita 2 na nusu kwa saa. Kwa kawaida spidomita husoma juu kidogo ya mwendo halisi, na tairi kubwa huila akiba hiyo, jambo la kukumbukwa na anayepita Usa River au Boma Ng'ombe penye vibao vya 50 na askari wenye tochi. Ndiyo maana hushauriwa tofauti ya kimo isizidi asilimia 3. Anayetaka kuliinua gari naye ajue kwamba hupata nusu tu ya kimo kilichoongezeka, na kwamba tairi lililozidi linaweza kukwangua madigadi usukani unapokatwa hadi mwisho.

Kwa magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne, kosa hugharimu zaidi. Matairi ya mbele yakipishana kimo na ya nyuma, difu na viungo vinavyogawa nguvu hulazimika kusawazisha mizunguko hata barabara iliponyooka, vikapata joto na kuchakaa. Hata saizi ikiwa moja, tairi jipya lenye kashata (vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara) za kimo cha milimita 8 likifungwa pamoja na lililobakiwa na milimita 3 huleta tofauti ya kimo ya milimita 10. Kwa magari haya ni bora kubadilisha matairi yote manne kwa pamoja, ingawa najua bei yake inauma.

Kwa barabara zetu, hasa zile za mawe zinazopanda kutoka Moshi kwenda Kibosho na Uru, nashauri rimu ndogo miongoni mwa zile ambazo kiwanda kimeziruhusu. Baadhi ya RAV4 hizo zilikuja na 215/70R16, yenye ubavu wa milimita 150, na nyingine na 235/55R18, yenye ubavu wa 129. Rimu ya inchi 18 hupendeza macho, lakini ubavu mfupi hauna nafasi ya kujikunja gari linapogonga jiwe, na rimu ndiyo hupokea kishindo.

Baada ya saizi, isomwe namba ya uzito inayoifuata. Tairi la 102 hubeba hadi kilo 850, na la 98 hubeba hadi kilo 750. Pengo la kilo 100 kwa kila tairi si dogo mwezi Desemba, familia nzima ikipanda na mizigo yake kwenda Rombo au Marangu kwa Krismasi. Kwa hiyo namba hiyo isiwe chini ya ile iliyopendekezwa na kiwanda, hata kama saizi imelingana kabisa.