Kinga ya mgonjwa kwenye karatasi ya labo: saratani ya kichwa na shingo nikiwa Bukavu

Oktoba 2018 hapa Bukavu tulizungumzia Nobeli moja tu, ile ya Amani aliyopewa Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi. Siku nne kabla yake, Nobeli ya Tiba ilikuwa imekwenda kwa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, na mitaani kwetu haikutajwa. Simlaumu mtu. Ila kazi ya hao wawili, ya kuiachilia kinga ya mwili iishambulie saratani, ndiyo iliyoleta swali ninaloulizwa sasa na familia za wagonjwa wa saratani ya mdomo, koo na zoloto: "Dokta, kinga yake ikoje? Hakuna kipimo?"

Vipimo vipo. Bei zake zimepishana sana, na kile cha bei kubwa si lazima kimfae zaidi mgonjwa anayeshuka kutoka mtaani Kadutu kuja kuniona.

Tuanze na hicho kikubwa. Mwaka 1992 maabara ya Honjo ilieleza protini inayoitwa PD-1, ambayo hukaa juu ya limfosaiti T, chembe nyeupe zinazoua seli zilizoharibika. Seli ya saratani nayo huweza kuvaa protini ya kukutana na hiyo, PD-L1. Zikigusana, limfosaiti hutulia na kuiacha. Aliyesafiri barabara zetu za Kivu anaijua hali hii: kwenye bariyeri, mwenye jetoni, yaani risiti ya kupitia, hupita, hata kama hakuna aliyekagua mzigo wake. PD-L1 ni jetoni ya saratani. Dawa za pembrolizumab na nivolumab huifunika PD-1 ili jetoni ile isimfae mwenye nayo.

Kuipima PD-L1, mtaalamu wa patholojia hupaka rangi maalumu kipande cha biopsi, yaani nyama iliyokatwa kwenye uvimbe, kisha huhesabu seli zote zilizoshika rangi: za saratani, limfosaiti na makrofaji, chembe za kinga zinazomeza taka. Hugawanya kwa idadi ya seli hai za saratani na kuzidisha kwa 100. Hiyo ndiyo alama ya CPS. Katika utafiti wa KEYNOTE-048, uliochapishwa 2019, wagonjwa ambao saratani yao ilirudi au kusambaa na CPS yao ilikuwa 20 au zaidi waliishi kwa wastani wa kati miezi 14.9 walipopewa pembrolizumab peke yake, dhidi ya 10.7 kwa waliopewa kemotherapi pamoja na dawa ya cetuximab. Ni faida ya kweli, lakini isome vizuri: ni miezi minne hivi katikati ya kundi. Wapo wachache wanaoishi miaka, na wapo wenye alama ya juu ambao dawa haikuwagusa. CPS husogeza uwezekano tu.

Tena kwa wengi wetu dawa yenyewe haishikiki kwa bei. Ndiyo maana utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Mumbai, hospitali ya Tata Memorial. Waliongeza nivolumab miligramu 20 tu kila wiki tatu juu ya vidonge vya bei nafuu, wakati dozi ya kawaida ni miligramu 240 kila wiki mbili. Waliokuwa hai baada ya mwaka walipanda kutoka asilimia 16.3 hadi 43.4. Kama kuna mlango wa kutufikisha kwenye dawa hizi, nadhani utafunguliwa kwa kazi za namna hiyo kabla ya kufunguliwa na mashine mpya ya kupima CPS.

Sasa kipimo cha maskini, ambacho mimi hukitazama kila siku. Kwenye NFS, ile hesabu ya chembe za damu inayofanywa karibu katika kila labo ya mji huu, kuna neutrofili, chembe nyeupe za kupigana na bakteria, na kuna limfosaiti. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Tafiti nyingi za saratani ya kichwa na shingo zimekuta kwamba uwiano ukiwa juu kabla ya tiba, maisha huelekea kuwa mafupi zaidi. Sababu inaeleweka: neutrofili nyingi huendana na uvimbe unaochemka, hulisha mishipa mipya ya damu na kuzikandamiza limfosaiti T, limfosaiti chache nazo maana yake kinga ina watu wachache wa kutuma.

Hapo ndipo ninaposhauri tahadhari. Mzee mmoja mwenye kidonda pembeni mwa ulimi alikuja na neutrofili 9,600 na limfosaiti 1,200. Uwiano 8. Mwanawe alikuwa ameshatafuta kwenye simu na kukuta kwamba juu ya 5 ni habari mbaya.

"Dokta, kansa imeshamaliza kinga ya baba?"

"Ngoja kwanza, ndugu. Mzee, fungua tena mdomo."

Gego la chini lilikuwa limeoza, usaha unatoka ukibonyeza fizi. Juu ya hayo, dispansari ya mtaani ilikuwa imemchoma dexamethasone ili uvimbe ushuke, na dawa hiyo hupandisha neutrofili na kushusha limfosaiti kwa pamoja. Tuling'oa jino, tukatoa antibiotiki, tukaisimamisha dexamethasone. NFS ya baadaye ilisoma 4,200 kwa 1,500, yaani 2.8. Kidonda cha ulimi kilikuwa palepale, hakikupungua hata kidogo. Namba ile ya kwanza ilipima jino na sindano. Malaria na VVU nazo huvuruga hesabu hii kwa njia zake.

Kuna jambo jingine ambalo makala za Ulaya na Asia hazilitaji sana. Watu wengi wa Afrika ya kati hawana alama ya Duffy kwenye chembe zao nyekundu, urithi ambao huwakinga na malaria ya vivax. Wenye urithi huo kwa kawaida wana neutrofili chache kwenye damu, wakiwa wazima kabisa. Kwa hiyo mpaka wa namba uliowekwa Shanghai au Milano unaweza kumpitisha mgonjwa wetu kama mwenye hali nzuri wakati hali si nzuri. Mimi situmii mpaka wa mtu. Namlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe, wiki kwa wiki, baada ya kuondoa maambukizi. Na wakati wa mionzi ya shingo silinganishi kabisa, kwa sababu limfosaiti hufa haraka kwa mionzi na uwiano hupanda kwa kila mtu.

Kuhusu protini ya p16, ambayo huashiria virusi vya HPV kwenye saratani ya mafindofindo na shina la ulimi, nitasema kifupi. Wenye HPV huponyeka vizuri zaidi: utafiti wa 2010 ulikuta asilimia 82 hai baada ya miaka mitatu, dhidi ya 57 kwa wasio nayo. Lakini asije mtu akapunguziwa tiba kwa sababu hiyo. Ilijaribiwa kubadilisha kemotherapi ya cisplatin kwa cetuximab, na matokeo ya 2019 yalionyesha wagonjwa waliumia kwa kubadilishiwa.

Vipimo vya p16 na PD-L1 hutegemea nyama iliyohifadhiwa vizuri. Biopsi iingie kwenye formalini ya asilimia 10 mara tu inapotolewa, ikae humo kati ya saa 6 na 72, siyo wiki mbili ikisubiri msafiri. Ikishatengenezwa, omba kibonge cha parafini chenyewe, yaani nta yenye nyama hiyo ndani, pamoja na karatasi ya majibu. Ukipelekwa Kigali kwa mionzi, kibebe kwenye mkoba wako mahali pa baridi. Kikiachwa kwenye dashibodi ya gari juani, parafini hulainika, na labo italazimika kukiunda upya kabla ya kukipaka rangi.