Sindromu ya kimetaboliki: "kidogo" tatu zikikutana mwilini

Chukua mfano wa mama wa miaka 46 aliyekwenda kliniki kupima afya. Presha 134/84: "imepanda kidogo." Sukari asubuhi kabla ya kula 5.9: "imepanda kidogo." Kiuno hakuna aliyekipima, maana kwetu mwili ukinenepa watu husema umependeza. Kingepimwa, futikamba ingesoma sentimita 96. Mama anarudi nyumbani bila dawa na bila jina la ugonjwa, lakini kwa vigezo vya kitabibu tayari ana sindromu ya kimetaboliki.

Sindromu ni hali ya dalili au vipimo kadhaa kuandamana. Kimetaboliki inahusu namna mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu na akiba. Mwaka 2009 mashirika makubwa ya kisukari na ya moyo yalikubaliana juu ya vigezo 5: kiuno kipana, presha ya 130 na kuendelea kwa namba ya juu, au 85 kwa ya chini, sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kula. Mafuta ya trigliseridi ya 1.7 au zaidi. Na kolesteroli nzuri, yaani HDL, iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Ukiwa na vitatu kati ya hivyo, unayo.

Kwa nini viandamane? Daktari Mmarekani Gerald Reaven alieleza mwaka 1988 kwamba mzizi wake ni mwili kuacha kuitikia ipasavyo insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari kwenye damu. Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, ndiyo yenye madhara makubwa. Ini hupokea mafuta hayo na kumwaga trigliseridi na sukari kwenye damu. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na insulini ikizidi, figo hubakiza chumvi na presha hupanda. Ndiyo maana kitambi kinanitia wasiwasi kuliko makalio manene.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa karibu robo ya watu wazima duniani wanayo. Marekani ni kama theluthi. Kwa Afrika takwimu hupishana sana, na sababu moja ni kipimo cha kiuno. Mwongozo wa Marekani wa 2001 ulianzia sentimita 102 kwa wanaume na 88 kwa wanawake; Shirikisho linaanzia 94 na 80. Kijiji kilekile kikipimwa kwa namba hizo mbili kitatoa majibu mawili. Tena watu wenye asili ya Afrika mara nyingi huwa na trigliseridi za chini hata insulini inapokuwa imeshindwa kazi, kwa hiyo wapo wanaoponyoka kwenye hesabu ilhali hatari wanayo.

Wanawake wa kwetu wanaathirika zaidi. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya theluthi ya wanawake wamezidi uzito, huku wanaume wakiwa chini ya mmoja kati ya watano. Umri huongeza hatari, hasa hedhi inapokoma. Kuna kurithi pia, kuna sigara, usingizi mfupi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za VVU (usiziache, mwambie daktari akupime). Lakini kubwa ni maisha yetu ya mjini: chai ya vijiko vitatu vya sukari, soda, chipsi, kukaa kutwa nzima, na bodaboda kwa safari ya dakika kumi ambayo zamani tuliitembea.

Mwenye hali hii ana uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili takriban mara 5 ya asiyenayo, na magonjwa ya moyo na kiharusi mara 2. Jambo la kutia moyo ni kwamba hurudi nyuma. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002 ulihusisha watu ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari. Kundi lililolengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hasa kutembea haraka, lilipunguza visa vya kisukari kwa asilimia 58; kundi lililomeza metformini, dawa ya kisukari, lilipunguza kwa 31. Kwa mama wetu, kama ana kilo 85, asilimia 7 ni kilo 6 hivi.