Je, wajua kwa nini Wareno walijenga Ngome ya Yesu wakiwa chini ya mfalme wa Hispania?

Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, na walioijenga ni Wareno. Lakini mfalme wao wakati huo alikuwa Felipe II wa Hispania. Ilikuwaje?

Chanzo ni kijana aliyekwenda vitani kabla ya kuoa. Tarehe 4 Agosti 1578, mfalme Sebastião wa Ureno aliuawa Alcácer Quibir, Moroko, akiwa na miaka 24. Hakuacha mtoto, kaka wala dada. Mabwana wengi walitekwa, na fidia ya kuwakomboa ikaikausha hazina.

Kiti kikamwangukia Henrique, mdogo wa babu yake, mzee wa miaka 66 na kardinali wa Kanisa Katoliki. Huyu namwonea huruma kweli. Mtu aliyeishi maisha yake yote katika useja sasa anatakiwa aoe na apate mtoto, tena upesi! Alimwomba Papa Gregory XIII amfungulie nadhiri yake. Felipe akaipinga kwa nguvu ndoa hiyo, na ruhusa haikutoka. Tarehe 31 Januari 1580, siku aliyotimiza miaka 68, Henrique akafa bila kumtaja mrithi.

Waliobaki kugombea kwa uzito ni watatu, wote watoto wa ndugu zake. Catarina wa Braganza, binti wa mdogo wake Duarte, alitokea upande wa kuumeni, ila ni mwanamke. António, mwana wa kaka yake Luís, alipendwa sana na watu wa kawaida, lakini alizaliwa nje ya ndoa. Felipe alikuwa mpwa, mtoto wa dada yao Isabel. Haki yake ilipitia kwa mama, lakini alikuwa na fedha na jeshi.

Juni 1580 watu wa Santarém walimtangaza António kuwa mfalme. Tarehe 25 Agosti jeshi la Felipe likamshinda Alcântara, karibu kabisa na Lisbon.

Aprili 1581, baraza lililokutana Tomar lilimkubali Felipe baada ya kuahidi kwamba sheria na vyeo vya Ureno vitabaki kwa Wareno wenyewe. Ndiyo maana Mombasa ilipokea amri kutoka kwa Wareno wa Goa, makao yao makuu kule India.

Tarehe 1 Desemba 1640 Wareno waliasi. Aliyewekwa kitini ni João, mjukuu wa Catarina. Aliyekipoteza ni mjukuu wa Felipe.