Wiki mbili za baba: sheria ya Kenya inasema nini, na inanyamaza wapi

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ni ndefu, lakini baba mwenye mtoto mchanga amepewa sentensi moja tu. Ni kifungu cha 29(8): mfanyakazi wa kiume ana haki ya likizo ya uzazi ya wiki mbili kwa mshahara kamili. Basi. Mama ana vifungu vidogo kadhaa kuhusu notisi, cheti cha daktari na haki ya kurudi kazini kwake. Baba hana chochote zaidi ya hapo.

Kazi yangu ni kuziandalia kampuni ndogo na za kati kanuni za wafanyakazi. Katika mambo yote ya likizo, hakuna linalozua ubishi kama sentensi hiyo, na ubishi wenyewe hauko katika yale iliyosema. Uko katika yale iliyonyamazia, kwa sababu kila meneja huyajaza kwa namna inayompendeza yeye.

Tuanze na nani anastahili. Likizo ya mwaka ya siku 21 hukamilika baada ya miezi 12 kazini. Malipo ya ugonjwa yanataka uwe umefanya kazi miezi miwili mfululizo. Likizo ya baba haina sharti kama hilo. Aliyeajiriwa mwezi uliopita na bado yuko katika kipindi cha majaribio anastahili wiki mbili zile zile, na neno “bado hujathibitishwa kazini” si jibu. Walio nje ya sheria hii ni wachache: jeshi, polisi, magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambao wana kanuni zao, pamoja na biashara ya kifamilia ambayo wafanyakazi wake wote ni wategemezi wa mwenye mali.

Na vibarua je? Hapa ndipo waajiri wengi hujikwaa. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo kwa jumla zinafika mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kwisha kabla ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi kwa mwezi. Akiendelea hadi miezi miwili, anapata masharti ambayo angeyapata kama asingeanza kama kibarua. Kwa hiyo yule kijana wa ghala anayelipwa kila Jumamosi tangu mwaka jana si kibarua machoni pa sheria, hata kama kitabu cha malipo kinamwita hivyo. Mkewe akijifungua, wiki mbili ni zake.

Sasa ndoa. Nimeona fomu za kampuni zinazodai cheti cha ndoa kabla ya likizo kuidhinishwa. Sheria haikutaja ndoa popote katika sentensi ile. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya malezi na ulinzi wa wazazi, na inaweka jukumu sawa juu ya mama na baba, wawe wameoana au hawajaoana. Mwajiri ana haki ya kutaka uthibitisho kwamba mtoto amezaliwa na kwamba huyu ndiye baba, na hilo halina ubaya. Karatasi ya arifa ya kuzaliwa kutoka hospitalini inatosha kabisa. Kumdai mtu cheti cha ndoa, wakati wengi wameoana kimila na karatasi haijawahi kuandikwa, ni kumtafutia sababu ya kumnyima.

Swali la baba ambaye wake zake wawili wamejifungua mwaka mmoja huulizwa kwa kicheko kwenye mafunzo, lakini hapa Pwani si la kucheka. Jibu langu ni kwamba sheria haikuweka idadi ya likizo kwa mwaka, kwa hiyo kila mtoto anakuja na likizo yake. Kampuni inayoandika “mara moja tu kwa mwaka” inapunguza kiwango ambacho kifungu cha 26 kinakiita cha chini kabisa. Kuongeza juu ya hapo ni ruhusa. Kupunguza, hapana.

Kuhusu lini likizo inaanza, sheria haisemi. Naisoma “wiki mbili” kama siku 14 mfululizo, wikendi zikiwemo. Lakini je, zihesabiwe tangu siku ya kuzaliwa, au siku mama anaporuhusiwa kutoka hospitalini? Mama aliyejifungua kwa upasuaji akalazwa siku tano, au aliyekwenda kujifungulia kwao ushago, mumewe anaweza kufaidika zaidi akianza wiki moja baadaye. Ushauri wangu kwa waajiri ni kuandika kwamba baba atachagua siku ya kuanza ndani ya muda fulani baada ya kuzaliwa, na kwamba anaweza kuigawa likizo mara mbili pande zote zikikubaliana. Haikugharimu kitu. Siku ni zile zile, na mshahara ni ule ule.

Mshahara wenyewe unatoka mfukoni mwa mwajiri. Kenya haina mfuko wa taifa unaomrudishia, na ndiyo maana mwenye duka la wafanyakazi wanne hulalamika kwa sauti kuliko benki. Malalamiko yake nayaelewa, lakini hayabadilishi deni. Wenzetu wa Afrika Mashariki wametoa siku chache kuliko sisi: Uganda ni siku nne za kazi, na Rwanda ni siku saba za kazi tangu agizo la 2022.

Wizi wa likizo hii huwa wa kimyakimya. Chukua fomu ya likizo ya ofisi yako uitazame. Mara nyingi ina visanduku viwili: likizo ya mwaka na ugonjwa. Baba anajaza cha kwanza kwa kuwa hakuna kingine, msimamizi anatia sahihi, na mwezi wa Desemba mtu anagundua zimemsalia siku chache tu badala ya 21. Hakuna aliyemnyima chochote kwa maneno. Kama fomu haina kisanduku chako, andika kwa mkono juu yake: “Likizo ya uzazi ya baba, kifungu cha 29(8)”, kisha upige picha kabla hujaikabidhi.

Ombi nalo liwe la maandishi. Sheria haikumwekea baba siku za notisi, ingawa mama anatakiwa kutoa angalau siku saba, au muda mfupi zaidi kulingana na hali. Ni busara kufuata hizo saba, na bora zaidi kumwambia msimamizi mimba ikiwa na miezi sita. Siku ya kujifungua ikifika, ujumbe wa simu unatosha: “Habari za asubuhi bosi. Mke wangu amejifungua leo. Naomba kuanza likizo yangu ya baba ya wiki mbili kesho, tarehe fulani hadi tarehe fulani. Karatasi ya hospitali nitaileta.” Usipige simu tu ukaachia hapo.

Sababu ni kifungu cha 46. Kinaorodhesha mambo ambayo hayawezi kuwa sababu halali ya kumfuta mtu kazi, na mojawapo ni mfanyakazi kwenda likizo anayostahili, au hata kupendekeza tu kwamba ataichukua. Kupendekeza! Kwa hiyo aliyefutwa siku mbili baada ya kuomba ana kesi nzito, mradi aonyeshe kwamba aliomba. Mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha sababu zake, na mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Na asipoweza kuleta mkataba wa maandishi mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayobishaniwa unamwangukia yeye.

Kwa mwajiri, kazi halisi ni ratiba. Kampuni ya ulinzi yenye soja mmoja kwa kila lango la usiku haiwezi kumwachilia mtu kwa wiki mbili bila rilifa, yaani mtu wa kushika zamu yake, na rilifa hapatikani saa nne usiku. Orodha ya wanaotarajia watoto, inayosasishwa kila mwezi na mtu mmoja ofisini, huondoa nusu ya ugomvi. Nusu ya pili huondoka pale mameneja wanapokatazwa kumpigia simu baba aliye likizoni kumuuliza ufunguo wa stoo uko wapi.

Kuna mawili ambayo huwa hayamo kwenye kanuni za kampuni, na ningetaka yawemo. La kwanza ni mtoto aliyezaliwa amefariki. Sheria haisemi kitu kuhusu baba huyo. Mimi huandika kwamba anapata wiki zake mbili bila kuulizwa karatasi zaidi, na sijawahi kukubali kulifuta. La pili ni mtoto wa kuasili. Tangu marekebisho yaliyoanza kutumika 2021, kifungu cha 29A kinampa mfanyakazi, mwanamume au mwanamke, mwezi mmoja wa likizo kwa mshahara kamili tangu siku mtoto anapokabidhiwa kwake, ilimradi amwarifu mwajiri kwa maandishi siku 14 kabla. Ndiyo, baba wa kuasili anapata zaidi ya baba aliyezaa, na wabunge bado hawajaona haja ya kulirekebisha hilo.

Ukinyimwa, anza na ofisi ya leba ya kaunti yako. Hulipi kitu, na huhitaji wakili. Kama umefutwa kazi, peleka lalamiko ndani ya miezi mitatu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina ukomo wa miaka mitatu, lakini usiungoje. Beba mkataba, hati za mshahara, ule ujumbe wa simu uliochapishwa na karatasi ya hospitali, nakala mbili mbili.