Mlo wa mchana shuleni: sera inaingiaje kwenye sahani ya mtoto?

Nimemfundisha mwanangu kula vizuri nyumbani. Sera ya nini tena?

Mtoto hula kilichopo. Anaweza kukariri makundi yote ya chakula na kupata alama zote kwenye mtihani, lakini kengele ikilia akakuta kantini ina soda na biskuti tu, atakula biskuti. Sera ndiyo huamua kantini iuze nini, zabuni ya chakula apewe nani, na watoto wapate dakika ngapi za kula.

Soda moja tu ina ubaya gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,500, hiyo ni gramu 37 hivi. Kopo la soda la mililita 330 kwa kawaida lina gramu zipatazo 35. Fungu la siku nzima limeishia hapo. Ndiyo, juisi ya matunda nayo imo kwenye hesabu (wazazi wengi hushtuka), ila tunda zima halimo.

Kupiga marufuku kunasaidia?

Kunasaidia kanuni ikiwa nyepesi kusimamia. Mwaka 2016 Chile ilianza kuweka alama nyeusi ya pembe nane kwenye vyakula vya viwandani vilivyozidisha sukari, chumvi, mafuta yaliyoganda au kalori, na chenye alama hakiruhusiwi kuuzwa shuleni. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu mwalimu mkuu habishani na muuzaji: alama ipo au haipo.

Uingereza ilipitia kiwandani. Kodi yake ya vinywaji, iliyoanza 2018, hupanda kulingana na sukari iliyomo, na watengenezaji wengi walipunguza sukari hata kabla haijaanza kutozwa.

Marufuku ya kantini peke yake, lakini, huhamishia foleni nje ya geti. Wauzaji wa pale nao waingizwe kwenye mpango.

Watoto wanamwaga mboga. Tufanyeje?

Kwanza zionje wewe. Mara nyingi zimechemshwa mpaka zimelegea, zimepoa, hazina ladha, na hakuna aliyewahi kumpa mpishi mafunzo. Kumlaumu mtoto hapo ni kumwonea.

Kisha vumilia. Chakula kigeni huenda kikahitaji kuonjwa mara 10 au zaidi kabla mtoto hajakizoea, kijiko kidogo kidogo, bila kulazimishwa na bila kuahidiwa peremende. Huko Japani, ambako sheria ya mlo wa shule ni ya 1954, watoto hupakuliana chakula na mwalimu hula nao darasani. Mwalimu akila mboga ileile, hotuba haihitajiki.

Gharama abebe nani?

Ufini ilitunga sheria ya mlo wa bure mwaka 1943, ikiwa vitani, na utekelezaji kamili ukafikiwa 1948. Haikungoja itajirike. Brazili nayo, kwa sheria ya 2009, ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo, hivyo sehemu ya gharama ikageuka kipato cha mkulima.

Mimi mzazi nianzie wapi?

Omba orodha ya vyakula vilivyopikwa mwezi uliopita. Ratiba iliyobandikwa ukutani ni ahadi tu; stakabadhi za manunuzi ndizo zitakazokuonyesha mboga zilinunuliwa mara ngapi.