Stima zikipotea, valvu peke yake haitoshi kwa sampu

Wengi wetu wenye matangi ya samaki hapa Mombasa tunaamini ukishafunga valvu ya kuzuia maji yasirudi kwa paipu ya pampu, basi stima zipotee hata usiku kucha, sampu, yaani tangi la chini ambalo pampu hutoa maji na kuyapandisha hadi tangi la samaki juu, haifuriki. Shida ni kwamba valvu yashika mwani, chokaa, hata konokono wadogo, na kauchafu kadogo tu chatosha isifunge sawasawa, maji yakashuka polepole mpaka sakafuni. Kinachookoa hasa ni nafasi. Pampu ikizima maji ya tangi la juu yanarudi chini kwa paipu hiyo hadi mdomo wake wa huko juu uvute hewa, kwa hivyo mdomo uweke karibu na uso wa maji ama toboa katundu kwa paipu, chini kidogo tu ya huo uso. Tangi la sentimita 120 kwa 45, kila sentimita 1 ikishuka ni lita 5.4, sasa mdomo ukiwa sentimita 10 chini hiyo ni lita 54!

Jaribu mwenyewe mchana, zima pampu ukiwa hapo, ndoo na tambara karibu, uone maji yanasimama wapi. Yakitulia bila kumwagika, washa tena uweke alama kwa kioo cha sampu, usijaze kupita hapo. Na hako katundu ukasugue kila wiki, mwani hukaziba haraka sana.