Nyuklia ndani ya vyombo vya anga: dhana potofu na ukweli

Wengi wakisikia kwamba Curiosity, kigari kilichotua Mirihi mwaka 2012, kinatumia nyuklia, hudhani kimebeba kinu kidogo cha kupasua atomu. Ukweli ni kwamba hakuna kinachopasuliwa humo. Kimebeba takriban kilo 4.8 za oksidi ya plutoniamu-238, madini ya mionzi ambayo huoza yenyewe bila kuchochewa, yaani atomu zake hubadilika polepole zikirusha chembe, na chembe hizo hukwama humo humo na kuipasha moto. Pembeni yake hupangwa vipande vinavyopitisha umeme, upande mmoja ukikabili joto hilo na wa pili ukikabili ubaridi wa nje, na tofauti ya joto kati ya pande hizo ndiyo inayosukuma umeme. Hakuna mvuke wala rafadha. Hakuna kinachozunguka hata kichakae. Vinu halisi vimewahi kurushwa, kikiwemo SNAP-10A cha Marekani mwaka 1965, lakini hicho ni chombo cha aina nyingine kabisa.

Dhana nyingine ni kwamba nyuklia hukipa chombo umeme mwingi mno. Curiosity kilianza na wati 110 hivi tu, ilhali joto lake lilikuwa karibu wati 2,000. Hilo joto linalobaki ndilo, kwa maoni yangu, linalosahauliwa kuliko yote, kwani halipotei bure: kimiminika hupita mabombani, kikalichukua na kulifikisha kwenye vifaa vya elektroniki, ambavyo visingestahimili usiku wa Mirihi. Hata Spirit na Opportunity, vigari vilivyoishi kwa paneli za sola, vilibeba kila kimoja hita nane za plutoniamu. Hita ya namna hiyo hutosha kiganjani, ina fueli isiyofika gramu 3, na hutoa wati moja tu ya joto, mchana na usiku, bila swichi. Kwa hiyo sola na nyuklia si mahasimu.

Wapo pia wanaoamini kwamba umeme huu haupungui. Nusu ya plutoniamu-238 huisha katika miaka 87.7, na vile vipande navyo huchoka. Vyombo vya anga Voyager 1 na 2, vilivyoondoka duniani mwaka 1977 kila kimoja kikiwa na wati 470 hivi, hupoteza takriban wati 4 kila mwaka, ndiyo maana wahandisi wamelazimika kuzima hita na vifaa vya uchunguzi kimoja baada ya kingine.

Hofu kwamba roketi ikiharibika plutoniamu itatawanyika haikuzuka hewani. Mwaka 1964 setilaiti moja ya Marekani ilishindwa kufika kwenye mzingo wake, na plutoniamu yake ikaungua na kutawanyika juu angani, kama ilivyokusudiwa na usanifu wa wakati ule. Baada ya hapo usanifu ulibadilishwa ili fueli ibaki nzima. Roketi ya setilaiti ya Nimbus ilipoharibiwa mwaka 1968 muda mfupi baada ya kuruka kutoka California, fueli iliopolewa baharini ikiwa salama, ikatumika tena katika safari nyingine.